Baruapepe ya ofisi iongozwe na daftari la ofisi

Ukiyasoma mabango ya wauza saruji, mawakala wa forodha, wenye maghala ya unga na mafundi wa jenereta kule Jebel, upande wa magharibi wa Juba, mara nyingi utakuta jina la kampuni kwa herufi kubwa, namba mbili za simu, moja ya MTN na nyingine ya Zain, kisha anwani ya baruapepe inayoishia gmail.com. Jina la kampuni limesajiliwa serikalini, lina mhuri, na kodi hulipwa kwa jina hilohilo. Anwani ya barua, kwa kawaida, imefunguliwa kwa simu ya yeyote aliyekuwa karibu siku ofisi ilipoanza kazi. Huyo akiondoka, barua za wateja, proforma za Kampala, hati za mizigo kutoka Mombasa na mabishano ya bei ya miaka mitatu huondoka naye, na si rahisi kumlazimisha arudishe nywila ya sanduku lililofunguliwa kwa jina lake. Hoja ninayoitetea ni fupi, ingawa maelezo yake ni marefu: kampuni yenye wafanyakazi kumi au thelathini inaweza kuwa na seva yake ya baruapepe, ndogo, isiyotaka mtu wa kukesha nayo, mradi uamuzi wa nani ana anwani na nani hana usikae ndani ya seva hiyo wala kichwani mwa fundi. Ukae ndani ya programu ileile inayotunza mishahara, stoo na ankara, yaani daftari la ofisi.

Kwa nini Jebel na si mtaa mwingine? Kwa sababu hapa mambo mawili ambayo wauzaji wa kompyuta huyataja kama hatari za kufikirika yalikwisha kutokea. Julai 2016 mapigano yalipozuka Juba, eneo hili lilikuwa kwenye moto wenyewe. Ghala kuu la Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliporwa. Zaidi ya tani 4,500 za chakula zilitoweka, kiasi ambacho shirika lenyewe lilisema kingewatosha watu 220,000 kwa mwezi. Siku hizohizo jeshi la Uganda liliingia kwa msafara kuwachukua raia wake na kuwarudisha kupitia mpaka wa Nimule. Ziweke habari hizi mbili pamoja na utaona kinachoikabili ofisi yoyote ya mtaa huu: mashine inaweza kubebwa mchana kweupe, na mhasibu, mtunza stoo na karani wa forodha wanaweza kupanda lori asubuhi moja bila makabidhiano. Mpango wa baruapepe unaodhani kwamba mashine itakuwepo, au kwamba mtu atakuwepo, haukutungwa kwa ajili ya Juba. Kinachoweza kubaki ni jina la kampuni na daftari lake, mradi nakala ya daftari hilo iko kwingine.

Jinsi ya kulifanya daftari litawale barua si siri. Programu za biashara kama Odoo, iliyoanzia Ubelgiji mwaka 2005, au ERPNext ya India, huweka kila kitu kwenye hifadhidata. Ya kwanza hutumia PostgreSQL, ya pili MariaDB. Upande wa barua kuna Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema alipokuwa IBM na kutolewa mwaka 1998, ambayo kazi yake ni kupokea na kusafirisha. Na kuna Dovecot ya Timo Sirainen wa Finland, inayomfungulia kila mtu sanduku lake. Zote mbili ni za bure, na zote mbili zinakubali kuambiwa zisiwe na orodha yoyote ya watumiaji. Badala yake, barua ikibisha hodi, Postfix huiuliza hifadhidata ya kampuni: anwani hii ipo, na ikiwa ipo, iende wapi? Hifadhidata hujibu kutoka jedwali dogo la kusomwa tu, lenye anwani, sanduku la kupelekea, na hali ya mwenye anwani kazini. Jedwali hilo halijazwi na mtu yeyote. Linajitokeza lenyewe kutokana na kumbukumbu za wafanyakazi ambazo ofisi ya utumishi lazima izitunze kwa ajili ya mishahara hata kama baruapepe isingekuwepo duniani.

Matokeo yake katika siku ya kazi ni makubwa kuliko yanavyosikika. Mtunza stoo mpya akiandikishwa Jumatatu, anwani yake ipo Jumatatu hiyohiyo. Akihamishwa kutoka Jebel kwenda Wau, barua zinazoandikwa kwa ghala la Jebel zinaanza kumfikia aliyeshika nafasi yake, kwa kuwa anwani ya ghala ilifungwa kwenye cheo, haikufungwa kwenye sura. Akiacha kazi, karani anabadilisha neno moja kwenye kumbukumbu yake: nywila inakufa, sanduku linabaki, na barua mpya zinamwendea mkuu wa idara. Hakuna aliyempigia fundi simu. Na kwa kuwa programu inawajua wateja na oda zao, barua ya wakala wa Elegu, mpakani mwa Uganda, inayotaja oda fulani inaweza kuingizwa moja kwa moja kwenye faili la oda hiyo, ili mwenye kampuni asome mazungumzo yote ya shehena mahali pamoja na ankara yake. Aliyewahi kumtafuta mfanyakazi wa zamani ili ampelekee picha ya hati iliyotumwa mwezi uliopita anajua thamani ya jambo hili bila kuelezwa.

Sifa mbaya ya seva za baruapepe, kwamba zinachosha, inatokana zaidi na watu kuliko mashine. Kinachokula muda ni kuongeza huyu, kumwondoa yule, kukumbuka nani alipewa ruhusa ya kusoma sanduku la mauzo, na kugundua baada ya mwaka kwamba nusu ya anwani ni za watu waliokwisha kuondoka. Ukiipeleka kazi hiyo kwenye daftari ambalo tayari lina mwenye kulitunza, kinachobaki ni mashine, na mashine za siku hizi zimefundishwa kujitunza. Mfumo wa Debian, ukipangwa hivyo, hujiwekea marekebisho ya usalama wenyewe. Cheti cha usimbaji fiche cha Let's Encrypt, ambacho hutolewa bure na kudumu siku 90, hujihuisha bila mkono wa mtu. Mashine ya namna hii inapaswa kuwa butu na ya kuchosha kuitazama: isiwe na tovuti ya kampuni juu yake, isiwe na ukurasa wa kuisimamia wenye vitufe mia, isiwe na programu ya majaribio ambayo kijana mmoja aliipenda. Kila kinachoongezwa ni kitu kingine kitakachoharibika Jumapili.

Kuna sharti moja la kiufundi ambalo nalitaja kwa sababu wengi wanalikosea na kisha kuulaumu mpango mzima. Hifadhidata ikinyamaza kwa sababu yoyote, seva ya barua ijibu kwamba anayetuma ajaribu tena baadaye. Isijibu kamwe kwamba anwani haipo. Tofauti ya majibu hayo ni namba moja tu, ya kundi la 400 au ya kundi la 500, lakini la kwanza linaiacha barua kwenye foleni ya mtumaji na la pili linaiua. Kiwango cha usafirishaji wa baruapepe, ambacho Jon Postel alikiandika mwaka 1982, kilitungwa kwa dunia yenye nyaya mbovu. Postfix, ukiiacha na mipangilio yake ya asili, huishikilia barua isiyofika na kuijaribu tena na tena kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa.

Uvumilivu wa namna hiyo ndio ulioleta baruapepe Afrika Mashariki kabla ya wavuti kufika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo cha ELCI mjini Nairobi na kile cha Chuo Kikuu cha Makerere mjini Kampala vilibadilishana barua na dunia kwa mtindo wa FidoNet: kompyuta zilipigiana simu, zikapitia GreenNet ya London, zikakabidhiana mafurushi na kukata. Laini ilikuwa wazi kwa dakika chache tu kati ya saa nyingi za kimya, na barua zilifika. Anayesema umeme na intaneti vya Juba haviruhusu baruapepe yenyewe anasahau kwamba hii ndiyo huduma ya mtandao iliyozaliwa kwa mazingira hayo. Tena mazingira yenyewe yamebadilika: mtambo wa umeme wa Ezra uliwashwa Novemba 2019, karibu na wakati huo waya wa nuru wa Liquid Telecom ulifika Juba kutoka mpaka wa Uganda, na Starlink ikaanza kutoa huduma nchini mwaka 2024.

Hata hivyo sipendekezi seva ikae Jebel. Katika hili natofautiana na wazalendo wa kompyuta wanaotaka kila kitu kiwe chini ya dawati lao. Programu ya biashara na seva ya barua zikae pamoja, kwenye mashine ya kukodi katika kituo cha data cha Nairobi au Kampala, ambako unaweza kupata muuzaji anayepokea malipo kwa simu, na nakala rudufu ya kila usiku ipelekwe nchi ya tatu. Ofisini Jebel zibaki kompyuta za kazi na simu tu. Laini ikikatika, barua za wateja zinaendelea kupokelewa na kusubiri. Ofisi ikiporwa, kilichoibwa ni samani. Zaidi ya hayo, laini nyingi za ofisi hazifai kuweka seva hata kama hakuna vurugu. Starlink ya kawaida, kwa mfano, humweka mteja nyuma ya anwani inayochangiwa na wengi, na hufunga mlango namba 25 ambao barua husafiria kati ya seva na seva. Kumiliki baruapepe ni kumiliki jina, orodha ya watu na nakala ya barua. Chuma kinaweza kukodishwa bila hasara ya uhuru wowote, kwa sababu kikikukera unahamia kingine wiki ijayo kwa jina lilelile.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba Google na Microsoft wanaifanya kazi hii vizuri zaidi kuliko fundi yeyote wa Juba. Ni kweli, na kampuni inayoweza kulipa na kuridhika haina haja ya kunisikiliza. Ila hesabu ifanywe. Huduma ya Google ya ngazi ya chini kwa biashara hulipiwa takriban dola 7 kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Wafanyakazi 15 ni dola 105, yaani 1,260 kwa mwaka, nazo zinadaiwa hata mwezi ambao malori yamekwama mpakani, na zinadaiwa kwa kadi ya kimataifa katika nchi ambayo biashara nyingi huendeshwa kwa fedha taslimu. Mashine ndogo ya kukodi haizidi sana dola 10 kwa mwezi bila kujali idadi ya watu. Ukimlipa fundi kwa siku chache za mwaka, bado uko chini. Lakini pesa si kiini cha hoja, na bei hubadilika. Kiini ni kwamba masharti yanaandikwa na upande mmoja. Google ilikuwa na huduma ya bure kwa kampuni ndogo. Mwaka 2012 ikafunga mlango kwa wapya, na mwaka 2022 ikawaambia wafanyabiashara wa zamani walipe au waondoke. Haikuvunja ahadi ya kisheria. Ilitumia haki yake, na waliojenga juu ya bure wakajua bei yake. Kuna jambo jingine ambalo halitajwi: hata ukilipa, orodha ya watumiaji wa Google ni orodha ya pili, mbali na ile ya mishahara, isipokuwa mtu aziunganishe, na pale pasipo muungano, yule mfanyakazi aliyeondoka Machi bado anasoma barua Septemba.

Kutuma ndiko kugumu, na hapa sitaki kumdanganya msomaji. Kupokea barua ni rahisi. Kuwafanya wengine wazipokee zako ni vita. Mashine za bei nafuu hukaa mtaa mmoja na wahalifu, na anwani zake zinaweza kuwa kwenye orodha nyeusi za Spamhaus kabla hujatuma neno. Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti: kila anayetuma athibitishe kwamba jina analotumia ni lake, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku atimize yote, yaani SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @), DKIM inayotia saini kila barua, na DMARC inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyopita mitihani hiyo. Hayo matatu ni mistari michache inayoandikwa mara moja kwenye kumbukumbu za kikoa. Sifa ya anwani ndiyo isiyoandikika. Hujengwa kwa miezi. Kwa hiyo ushauri wangu unaweza kuwaudhi wanaopenda usafi wa kanuni: barua zinazotoka zipitishwe kwa msafirishaji wa kulipwa mwenye sifa njema, ambaye kwa kampuni inayotuma barua mia chache kwa siku hudai pesa kidogo. Postfix huelekezwa kwake kwa mstari mmoja. Akipandisha bei, mstari unabadilishwa, saini yake inaandikwa kwenye kikoa, na hakuna mteja atakayejua. Utegemezi unaoweza kukatwa alasiri moja haufanani na ule wa kukabidhi masanduku yote na majina yote.

Usalama, nao, hutajwa kana kwamba hali ya sasa ni salama. Ripoti ya FBI ya mwaka 2023 ilihesabu hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 kutokana na wizi wa aina moja tu: mtu anajifanya bosi au muuzaji, anaandika baruapepe, anabadilisha namba ya akaunti ya benki. Biashara za Juba zinanunua Kampala, Nairobi, Dubai na China kwa watu ambao mara nyingi hawajaonana nao, na muuzaji wa Dubai anayepokea oda kutoka anwani ya gmail yenye jina la kampuni na namba mwishoni hana njia ya kujua kama ni ya kweli. Yeyote anaweza kufungua nyingine yenye namba tofauti. Kikoa chenye DMARC kali kinampa angalau kipimo, ingawa hakimzuii mwizi anayesajili jina linalofanana. Upande wa ndani, hofu kwamba tundu moja kwenye programu ya biashara litafungua kila kitu ni ya haki, na dawa yake ni kuipa seva ya barua akaunti isiyoweza kuandika chochote wala kuona mishahara, inayosoma lile jedwali dogo tu, pamoja na nywila zilizohifadhiwa kwa namna isiyorudishika.

Wengine watasema biashara ya Juba inaishi WhatsApp na haya yote ni anasa. Mazungumzo yaendelee WhatsApp. Ila WhatsApp imefungwa kwenye namba ya simu, na namba si mali ya kudumu: Machi 2018 Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano ya Sudan Kusini ilisimamisha leseni ya kampuni ya simu ya Vivacell katika mgogoro wa ada, na mamia ya maelfu ya namba yakawa hayana maana. Januari 2025 mamlaka hiyohiyo iliagiza Facebook na TikTok zifungwe, amri iliyodumu siku chache tu lakini iliwakuta wauzaji ambao ukurasa wa Facebook ndio ulikuwa duka lao. Baruapepe ina watoa huduma wengi wanaopokeana bila kuombana ruhusa, na ndiyo maana hakuna kampuni inayoweza kuizima yote.

Mpango huu haumfai kila mtu. Kibanda chenye muuzaji mmoja hakihitaji seva wala programu ya biashara. Mashirika ya misaada yaliyojaa upande huo wa mji hupata barua zao kutoka makao makuu ya ng'ambo. Na kampuni ambayo daftari lake la wafanyakazi bado ni kitabu cha karatasi ianze na daftari, kwa sababu seva inayoongozwa na orodha ya uongo itatoa anwani za uongo. Tanzania ilichukua njia ya kati kwa taasisi zake za umma: Mamlaka ya Serikali Mtandao ilijenga mfumo mmoja wa baruapepe serikalini, na sheria ya mwaka 2019 ikaipa nguvu ya kusimamia viwango, badala ya kila ofisi kuhangaika peke yake. Chama cha wafanyabiashara cha Juba kingeweza kuiga sehemu ya wazo hilo, seva moja kwa kampuni ishirini, kila moja na kikoa chake na daftari lake, na gharama ya fundi kugawanywa.

Kikoa ndicho cha kwanza kununua, hata leo, hata kabla ya kuamua lingine lolote. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, lakini herufi zake mbili, .ss, ziliingizwa kwenye mfumo wa majina wa dunia mapema 2019 tu, na wafanyabiashara wengi walikwisha kuzoea kuishi bila jina. Likinunuliwa, lisajiliwe kwa jina la kampuni na baruapepe ya mwenye kampuni, na tarehe ya kulihuisha iandikwe ndani ya programu ya biashara pamoja na pango na leseni. Fundi asiwe msajiliwa. Akisisitiza kwamba ni rahisi zaidi akilisajili yeye, tafuta fundi mwingine.